Nyenzo za kidijitali za Takwimu: nitajuaje kama mhadhiri mwingine ataweza kuzitumia?

Kibarua_Changanyikeni

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Takwimu za mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dar. Kwetu somo hili linafundishwa idara tatu: biashara, uuguzi na mipango miji. Kila idara ina mhadhiri wake na kila mhadhiri ana sleidi zake, ila ukizichungulia zote zinasema yale yale: wastani, mediani, modi, mchepuko sanifu. Sasa uongozi umeamua tuwe na nyenzo za pamoja za kidijitali, ziwekwe kwenye Moodle (mfumo wetu wa masomo mtandaoni), zitumike mwaka hadi mwaka na idara hadi idara. Kazi imeniangukia mimi kwa kuwa ndiye mdogo idarani na inasemekana najua kukata video.

Yananitatiza mambo matatu. La kwanza ni ukubwa: nitengeneze moduli ya wiki nzima kwa mpigo, au vipande vidogo vidogo? La pili ni mifano. Kipande changu cha mediani nimekijenga juu ya abiria watano wanaosubiri daladala kituo cha Mwenge asubuhi: dakika 7, 38, 4, 6 na 5. Wastani ni dakika 12, mediani, yaani namba ya katikati ukishazipanga kwa ukubwa, ni 6. Wanafunzi wangu huwa wanaelewa hapo hapo, maana yule wa dakika 38 wanamjua, ni wao wenyewe. Mkuu wangu anataka daladala zitoke, ziwekwe namba tupu zisizo na mwenyewe, ili kipande kikienda Mbeya au Mwanza kisimshangaze mtu. La tatu ni tathmini. Fomu niliyopewa inauliza kama rangi zinavutia, kama sauti inasikika, kama mwanafunzi amefurahia. Nikipata "ndiyo" zote, nimejua nini hasa?

Hali ya wanafunzi mnaijua: simu ya mkononi, bando la kubana, kompyuta ni ya kuazima. Na lugha nayo: mtihani ni Kiingereza, maelezo yanayoeleweka ni Kiswahili.

Naomba kuwasilisha.

CR_Mwaka_wa_Pili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, CR (kiongozi wa darasa), nitasema ya upande wetu tu.

Mwalimu, ukiweka kitu Moodle, anayekipakua ni mmoja. Huyo mmoja mara nyingi ni mimi. Nakipakua usiku bando likiwa la bei nafuu, nakitupa kwenye grupu la WhatsApp, darasa zima linakipata. Kwa hiyo ukitazama takwimu za Moodle utaona CR kafungua, wengine sifuri, utadhani watu hawasomi.

Halafu kuna zile video zinazoanza na nembo ya chuo inazunguka na muziki. Hiyo ni hela yangu inapigiwa muziki. Na tafadhali msipige picha ya ukurasa wa kitabu mkaiita PDF. Kwenye simu haisomeki, ukiikuza inakuwa ukungu.

Sauti tunazipenda. Mtu anasikiliza akiwa kwenye gari, akiwa anafua.

DaZuhura_Sinza

Marahaba CR, Mungu akukuze. Hiyo ya muziki imenichekesha peke yangu kwenye foleni hadi konda kanitazama.

Kibarua, karibu kwenye kazi hii. Mimi kwa miaka mingi nakaa na wahadhiri, nachukua notsi zao na kuzigeuza ziwe kitu ambacho mwanafunzi asiye mbele yao anaweza kujisomea. Nilianza na vitabu vya kuchapa vya masomo ya masafa, nikaingia kwenye kompyuta baadaye. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, sio wako, maana swali lako la pili ndilo mama wa mengine.

Daladala zako usizitoe. Ila bosi wako naye usimwone hajui, ameshika upande mmoja wa fundo linalojulikana. David Wiley, mtaalamu wa nyenzo za elimu wa Marekani, ndiye aliyelieleza vizuri: nyenzo ikibeba mazingira mengi ya mahali ilipozaliwa, inafundisha sana lakini haisafiri. Ukiivua mazingira hayo, inasafiri kila mahali ila ikifika haifundishi. Namba tupu tano zitaingia Mbeya, Mwanza hadi Kigoma, na kote huko mwanafunzi atauliza "sasa hizi ni za nini?" Wakati fikra hii ya vipande vya kutumika tena inashika kasi, miaka ya 1990, wengi walikuwa wanaifananisha na matofali ya LEGO: chochote kinakaa juu ya chochote. Wiley akasema hapana, tufikirie atomu. Si kila atomu inaungana na kila atomu, na anayeziunganisha lazima awe amesomea. Mimi namwamini yeye kuliko wenye matofali, kwa sababu nimeona wahadhiri wakipokea vipande vizuri kabisa wakashindwa pa kuvibandika.

Njia yenyewe iko hivi. Mfano ukae kwenye faili lake. Maelezo ya dhana yawe mafupi, yasiyotaja daladala wala hospitali: mediani ni nini, unapanga vipi, ukiwa na idadi shufwa unafanyaje. Kisha mfano, peke yake, unaoweza kutolewa mwingine ukaingia. Kisha maswali ya kujipima yanayotumia data ile ile ya mfano. Mpango huu una watangulizi. Mradi wa TESSA, ule wa elimu ya walimu Afrika kusini mwa Sahara ulioongozwa na Open University ya Uingereza na Chuo Kikuu Huria chetu kikiwamo, ulikuwa na mifupa ile ile kwa kila nchi: kila sehemu ina shughuli tatu na visa mafunzo vitatu. Mifupa haikubadilika, visa ndivyo vilivyobadilishwa nchi hadi nchi, na kuna toleo la Kiswahili. Tazama pia PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, aliyoianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Maandishi yake yametengwa na programu yenyewe, ndiyo maana watu wa nchi mbalimbali wanatafsiri bila kugusa mitambo ya ndani. Kiswahili kimo.

Jambo ambalo karibu kila mtu analiacha ni ukurasa wa mhadhiri. Simaanishi maelekezo ya "bonyeza hapa". Namaanisha sababu. Chukua hilo swali lako: 7, 38, 4, 6, 5. Iliyokaa katikati kabla ya kupanga ni 4. Sijui kama ulikusudia, lakini ni mtego mzuri sana. Majibu ya kuchagua yawe 6, 12 na 4. Mwenye 12 kachanganya mediani na wastani, mwambie atazame 38 imeuvuta wastani hadi wapi. Mwenye 4 amechukua ya katikati bila kupanga, mwambie apange kwanza. Sasa kila jibu baya lina ugonjwa wake na dawa yake, hakuna "si sahihi, jaribu tena". Lakini yote hayo yamo kichwani mwako. Mhadhiri wa uuguzi akifungua faili ataona namba tano tu. Kwa hiyo andika: kwa nini namba ni tano, kwa nini moja ni kubwa mno, kwa nini zimewekwa kwa mpangilio huo. Nikifungua nyenzo ya mtu nikakuta ukurasa huo, najua inatumika tena. Nikikuta imejazwa metadata tu (taarifa za kuitambulisha nyenzo), najua ilitengenezwa kwa ajili ya ripoti. Kiwango cha IEEE, chama cha wahandisi, cha mwaka 2002 cha kuelezea nyenzo hizi kina makundi tisa ya taarifa, na sijawahi kuona mhadhiri mwenye darasa la kufundisha akiyajaza yote. Jaza kichwa, lugha, ngazi, lengo, leseni, tarehe. Muda uliobaki andika sababu.

Ukubwa: usipime kwa dakika. Kipande kimoja kiwe lengo moja unaloweza kulipima. "Mwanafunzi ataweza kuchagua kati ya wastani na mediani na kueleza kwa nini" ni kipande. "Mwanafunzi ataelewa vipimo vya mwelekeo wa kati" ni sura nzima, na neno "ataelewa" halipimiki.

Sasa tathmini, ndiko penye utamu.

Fomu ya kufurahia usiitupe, mwanafunzi aliyechukizwa harudi. Ila usiipe kazi isiyo yake. Donald Kirkpatrick alianza kutenganisha ngazi hizi mwaka 1959, akiandika kuhusu mafunzo ya kazini: mtu alivyolipokea somo ni jambo moja, alichojifunza ni jingine, anavyofanya kazi baadaye ni jingine, na faida kwa taasisi ni jingine tena. Fomu yako inaishia ngazi ya kwanza. Nimeona video za kuchekesha zinazopendwa na darasa zima halafu swali la kwanza linawashinda.

Anza na wenzako. Kuna kifaa cha kupimia ubora wa nyenzo kinaitwa LORI, cha John Nesbit na wenzake kutoka Kanada. Kina vigezo tisa, kila kimoja alama 1 hadi 5: ubora wa maudhui, kuoana na malengo, mrejesho kwa mwanafunzi, kumpa ari, mpangilio wa picha na sauti, wepesi wa kutumia, ufikikaji kwa wenye ulemavu, uwezo wa kutumika tena, na kufuata viwango vya kiufundi. Kisichohusika unakiruka. Wengi hukigeuza kuwa mtihani, wanajumlisha alama wanapata wastani, mchezo umeisha. (Mwalimu wa takwimu wewe, hilo lisikupite.) Faida yake iko kwenye kikao. Kila mmoja anatoa alama peke yake kwanza. Mkikutana, mnaanza kuzungumzia kigezo mlichotofautiana zaidi, kile ambacho mmoja katoa 5 na mwingine 2. Pale mnapokubaliana mpite haraka. Watu watatu au wanne wanatosha, mmoja wao awe hafundishi somo lako.

Baada ya hapo wanafunzi wachache, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake mwenyewe, sio kompyuta ya chuo. Mpe kazi, mwambie aseme kwa sauti anachofikiri, wewe nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, wahadhiri hawawezi. Nilikaa na binti mmoja anafanya zoezi la mediani la mhadhiri fulani. Kila akijaribu jibu linamtoka tofauti, na anaelewa kabisa, anapanga namba vizuri, anaonyesha kwa kidole. Nikasogea kutazama kioo. Jedwali lilikuwa na safu tano, simu yake inaonyesha nne, ya tano imekatwa pembeni na hakuna dalili kwamba kuna kitu kimebaki. Yeye anatafuta mediani ya namba nne, kwa usahihi. Jopo la wahadhiri lilikuwa limetoa 5 kwenye maudhui, na lilikuwa sahihi pia, kwa sababu lilitazama kwenye kompyuta.

Kisha upime kujifunza. Swali kabla, swali baada, na swali tena wiki mbili tatu baadaye, kila mara na namba nyingine. Ukipima papo hapo tu unapima kumbukumbu ya video. Kama kuna mkondo mwingine bado unatumia sleidi za zamani, waulize swali hilo hilo. Si utafiti wa kuchapisha, lakini utajua kama unasonga. Na CR amekwisha kukwambia kuhusu takwimu za Moodle: idadi ya waliofungua isikufurahishe wala kukuhuzunisha.

Kipimo cha mwisho, ambacho mimi nakiweka juu ya vingine kwa nyenzo inayojiita ya kutumika tena: mpe mhadhiri mwingine, akae nayo, abadilishe mfano uwe wake, afundishe. Usimsaidie. Kila atakapokupigia simu, andika alichouliza. Hiyo orodha ya maswali yake ndiyo ripoti yako ya tathmini.

Lugha kwa ufupi: maandishi na maswali yabaki Kiingereza kwa sababu mtihani ni Kiingereza, sauti ya maelezo iwe Kiswahili, faili tofauti. Akitokea wa kutaka sauti ya Kiingereza anarekodi yake. Utafiti wa Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu, unaonya usimsomee mwanafunzi maandishi yale yale anayoyaona kwenye skrini, mzigo unakuwa mara mbili. Sawa, lakini kwa anayejifunza kwa lugha yake ya pili au ya tatu, manukuu yanaokoa. Yaweke ya kuwasha na kuzima, aamue mwenyewe.

Leseni: zungumza na chuo mapema, kazi ya ajira mara nyingi haki zake si zako peke yako. Mkiamua kuifungua, chukua leseni ya Creative Commons inayoruhusu kubadilisha. Ile yenye ND (NoDerivatives) inamruhusu mtu kusambaza nyenzo yako kama ilivyo, ila akishabadilisha toleo lake haruhusiwi kulisambaza, na kubadilisha ndiko kazi yote tunayoizungumzia hapa.

Fundi_Seva

Da Zuhura kamaliza, ila mimi nina ubishi wangu kidogo.

Ukigawanya sana unapata takataka. Maelezo faili moja, mfano faili, sauti faili, swali faili, ukurasa wa mhadhiri faili, zidisha kwa mada zote za muhula. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayejua sauti ipi ni ya mfano upi. Kwa uzoefu wa kutunza seva, kinachokufa kwanza si maudhui, ni mpangilio wa majina. Kibarua, amua jina la faili leo, mfano "mediani_mfano_daladala_toleo2", na usikubali "mpya", "mpya kabisa" na "mwisho kweli".

Kuhusu chombo: kama mnakwenda na Moodle, tumia H5P, programu ya kutengeneza maswali na masomo ya kubonyeza. Inaingia ndani ya Moodle, maswali yake yanakubali mrejesho kwa kila jibu kama Da alivyoeleza, na mhadhiri mwingine akipewa ruhusa anaifungua na kuhariri papo hapo. Kwenye app ya Moodle inafanya kazi hata bila intaneti ikishapakuliwa. SCORM, kiwango cha kufungasha somo zima kwenye faili moja, nayo ipo, na ina heshima yake kwa kuhama toka mfumo mmoja hadi mwingine, lakini ni zipu iliyofungwa. Ukiifungua unakuta imsmanifest.xml na mafaili ambayo bila programu iliyoyatengeneza huyahariri kwa raha. Kama lazima iwe SCORM, toa ya 1.2, maana Moodle haijabeba ile ya 2004 kikamilifu. Na hifadhi faili la chanzo pembeni. Nyenzo isiyo na faili la chanzo haitumiki tena, inarudiwa tu.

Uzito: video ya dakika 7 kwa 360p ukiibana hadi kilobiti 500 kwa sekunde ni kama MB 26. Sauti peke yake ya dakika hizo 7 kwa kilobiti 32 haifiki MB 2. Weka zote mbili, mwanafunzi achague kulingana na mfuko.

DaZuhura_Sinza

Fundi, hapo kwenye majina umenishinda. Mfano na maswali yake vikae H5P moja basi, kwa kuwa vinabadilika pamoja. Sauti sitaki iingie humo.

Mipango_Miji_Dar

Mimi nafundisha mipango miji, chuo tofauti. Kwangu mfano wa daladala ungefaa kama ulivyo, hata sihitaji kubadilisha. Ninachogomea ni hili la kuacha wengine wabadilishe tu. Nani atahakikisha toleo la huyo mwingine halijaharibiwa? Kitabu kina mhariri. Haya mafaili yakizunguka kwenye flashi na WhatsApp, baada ya muda kuna matoleo ishirini ya mediani na mawili yana makosa.

DaZuhura_Sinza

Swali la haki, Mwalimu. Hazina ya MERLOT, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Jimbo la California mwaka 1997, ilijaribu kulijibu kwa mapitio ya wanataaluma wenzao: ubora wa maudhui, uwezo wa kufundishia, wepesi wa kutumia. Inafanya kazi, ila wapitiaji ni wachache na nyenzo ni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo sehemu kubwa haijapitiwa. Kwa idara tatu za chuo kimoja mimi ningeweka mtu mmoja mwenye funguo: toleo rasmi liko Moodle, anayebadilisha analeta, linapitiwa, linapewa namba. Mengine yakizunguka WhatsApp yazunguke, hata fotokopi zilizunguka.

Muuguzi_Mwalimu_Mbagala

Habari za saa hizi. Nafundisha wauguzi, na mimi si wa chuo cha Kibarua. Nimefuatilia uzi huu kimya kimya hadi nimeshindwa. Kibarua, una kipande hicho cha mediani tayari? Nipe hata kama hakijakamilika. Daladala siitaki, nataka muda wa kusubiri kliniki ya wajawazito, ndicho wanafunzi wangu wanachokiona kila siku.

Kibarua_Changanyikeni

Da Zuhura, Fundi, asanteni mno. Mkuu wangu nimemwonyesha hoja ya mifupa na visa, amekubali daladala zibaki kwa sharti kwamba idara nyingine ziweze kubadilisha. Mwalimu wa Mbagala, nimekutumia H5P pamoja na sauti. Ukurasa wa mhadhiri bado naandika.

Muuguzi_Mwalimu_Mbagala

Narudi na majibu. Nimekitumia wiki hii.

Kubadilisha kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani, maneno na namba tu. Nimeweka mama watano, muda wa kusubiri kwa dakika: 40, 15, 20, 10, 200. Majibu ya kuchagua 20, 57 na 40. Kwa mfano huu darasa limechangamka sana, wakaanza kuzungumzia huyo wa dakika 200, kumbe kuna waliowahi kumwona mama wa namna hiyo wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ametumwa maabara akarudi akakuta foleni mpya. Tumejadili hadi ipi itumike kwenye ripoti ya kliniki, wastani au mediani, na wakabishana vizuri tu: ukitoa mediani peke yake, mama wa dakika 200 haonekani popote.

Matatizo mawili. Sauti: dakika ya pili hivi unasema "tumtazame abiria wa mwisho", wanafunzi wakacheka, mama mjamzito kawa abiria. La pili silielewi. Karibu wote wamepata swali la kwanza, nikafurahi. Lakini swali lililofuata, lenye namba saba, nusu nzima wamekosa, na wamekosa kwa kutokupanga. Iweje mtu apange kwenye namba tano asipange kwenye saba? Nilidhani saba zimewachosha.

Kibarua_Changanyikeni

Mwalimu, hawakupanga hata kwenye tano. Angalia mfuatano wako: 40, 15, 20, 10, 200. Ya katikati kabla ya kupanga ni 20. Baada ya kupanga, 10, 15, 20, 40, 200, ya katikati ni 20 vile vile. Aliyepanga na asiyepanga wote wamepata. Kwenye saba ndipo walipojulikana.

Muuguzi_Mwalimu_Mbagala

Loh! Nimeziandika jinsi zilivyokuja kwenye daftari la kliniki. Hakuna mahali faili limeniambia mpangilio una kazi yake.

DaZuhura_Sinza

Na ungeambiwa na nani wakati ukurasa wa mhadhiri haujaandikwa? Kibarua, hapo una mistari miwili ya kwanza ya ripoti yako, na hakuna jopo wala LORI ambayo ingeikamata, maana swali lenyewe ni sahihi na hesabu ni sahihi.

Mwalimu, data zako ni nzuri mno kuziacha. Zipange hivi: 40, 200, 15, 20, 10. Mediani inabaki 20, wastani 57, ya katikati kabla ya kupanga inakuwa 15. Toa 40 kwenye majibu uweke 15, na mrejesho wake useme apange kwanza. Kwenye ukurasa, Kibarua, andika sharti hilo wazi: "Namba ya katikati kabla ya kupanga isiwe mediani, isiwe ile kubwa mno, na iwe mojawapo ya majibu ya kuchagua." Na kwenye sauti, abiria aondoke kabisa, sema "thamani ya mwisho". Mfano ujisemee wenyewe kwenye H5P.

Hiyo hoja ya wanafunzi wako kwamba mediani inamficha mama wa dakika 200, iombe iingie kwenye kipande kama swali la mjadala. Ni bora kuliko lolote nililoandika hapa.

Muuguzi_Mwalimu_Mbagala

Nimeshabadilisha. Kundi la jioni halijakiona bado, wao nitawapa mpangilio mpya Alhamisi, na swali la namba saba lile lile, tulinganishe. Sauti nasubiri ya kwako Kibarua, au nirekodi mwenyewe?

Kibarua_Changanyikeni

Rekodi mwenyewe Mwalimu, sauti yako wameizoea. Mimi narekodi ya huku bila abiria. Ukurasa wa mhadhiri nautuma leo usiku.

Fundi_Seva

Na jina la faili libadilike kabla halijatoka, "mediani_mfano_kliniki_toleo2". Lile la kwanza lifuteni kwenye grupu kabla CR hajalisambaza.

CR_Mwaka_wa_Pili

Umechelewa mkuu, lipo tayari kwenye magrupu mawili.